Mtambo wa Mzee Elifas

Kaka yangu Asser si mtu wa maneno, na hilo peke yake linatosha kunitia wazimu. Mimi naitwa Uapiruka, nashona magauni makubwa ya akina mama wa Kiherero hapa Otjiwarongo. Chumba changu cha cherehani na karakana yake ya bunduki vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Miaka kumi na tisa nimesikia kila anachokifanya upande wa pili. Akipiga tupa, nasikia. Akikohoa, nasikia. Akiongea sisikii, kwa sababu haongei.

Anatengeneza bunduki za kuwindia, zile za komeo, moja moja, kwa kuagizwa. Kazi alijifunza mjini Omaruru kwa Mjerumani mmoja mzee aliyeitwa Lothar, mtu mwenye jicho moja. Jicho la pili Lothar aliliacha kwenye bunduki ya mteja aliyekuwa na haraka, siku moja tu aliyokubali kuharakishwa. Asser hakuisahau hadithi ile, na ndiyo maana wateja wenye haraka wanamchukia.

Bunduki ya kuagiza huanza na mtambo. Ndicho kile chuma cha katikati ambamo komeo huenda na kurudi, kinachoifunga risasi ndani na kuizuia isikurudie usoni. Mtutu unabadilishwa. Kitako unachonga kingine hata kesho. Lakini ukikosea mtambo, umekosea yote, sawa na mimi nikikosea kukata kiuno cha gauni: hapo hata uweke marinda ya dhahabu, mama wa watu atatembea kama gunia.

Basi mteja akija, Asser humtandikia ngozi mezani na kumwekea mitambo mitatu. Hasemi huu mzuri, huu mbaya. Anafumba macho, anausogeza mtambo sikioni, analivuta komeo taratibu na kulirudisha. Kila mtambo una mlio wake, anasema. Halafu huchukua tupa ndogo na kuigusisha chini, mahali patakapofichwa na mbao. Chuma kigumu, tupa huteleza juu yake kama kisu juu ya sahani. Chuma laini, tupa inauma. Ikiuma, mtambo ule hautoki mle ndani ukiwa bunduki, hata aliyeuleta awe nani. Nimeshawasikia wakulima wa Kikaburu wakimtukana hadi koo likawakauka, naye anapangusa tupa yake.

Mwaka ninaousimulia, Julai ilikuwa na baridi ya kugandisha maji ndooni. Asubuhi moja Bi Jakurama alifika kwa pikapu na mwanawe Festus. Bi Jakurama alikuwa mjane wa mzee Elifas, mke mkubwa, mwenye kuutunza moto wa ukoo wao, ule okuruuo usiozimwa, kule njia ya Okakarara. Mama mrefu, gauni la zambarau nililolishona kwa mikono yangu hii, kilemba chake chenye pembe mbili kama za ng'ombe kimekaa sawasawa. Alikuwa amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye ngozi ya ndama, na amekipakata kifuani kama mtoto mchanga.

"Kaka Asser!" Festus alipaza sauti kabla hajafika mlangoni. "Nimekuletea kazi, acha kulala!"

"Silali."

"Basi acha kufumba macho, watu watakuzika ukiwa hai!"

Festus ni mtu wa miaka arobaini na kidogo, mnene, mwenye utani mwingi. Utani wenyewe ulikuwa wa mtu anayeogopa kukaa kimya. Mji mzima ulijua kwa nini.

Miaka tisa kabla ya hapo, mzee Elifas alikuwa peke yake kwenye zizi la mbali, majira hayohayo ya baridi. Festus alitakiwa kwenda kumchukua Ijumaa kwa gari. Akakutana na marafiki Grootfontein, chupa zikafunguliwa, Ijumaa ikawa Jumatatu. Alipofika alimkuta baba yake ameketi mbele ya moto uliokwisha kuzima, blanketi moja, bunduki mapajani, uso umeelekea barabarani. Viganja vilikuwa vimeikamata bunduki kiasi kwamba walitumia maji ya moto kuvifungua. Festus hajaonja pombe tangu siku ile, na sijui kama imemsaidia kitu.

"Agosti tunafunua jiwe la kaburi la mzee," Festus alimwambia Asser. "Ndugu wanatoka kote, hata Botswana. Nyama ya kudu ya siku hiyo nitaiangusha mimi, kwa bunduki ya mzee. Kitako kililiwa na mchwa, mtutu umechakaa. Nijengee mpya, lakini mtambo uwe huuhuu. Sitaki mwingine. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Bi Jakurama aliifungua ngozi. Majivu mepesi yalimwagika mezani, meupe, laini kama unga. Ndani kulikuwa na mtambo wa Kijerumani wa zamani pamoja na mtutu wake, chuma kimekuwa kijivu chenye madoa ya bluu. Chapa ya taji juu yake ilikuwa bado inasomeka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa katikati, sindano mdomoni, na nitakubali ukiniita mbeya. Nilimwona kaka yangu akiuinua, akafumba macho, akausogeza sikioni na kulivuta komeo.

Nikangoja mlio. Haukuja.

Akalivuta tena. Komeo lilienda na kurudi kimya kabisa, bila hata ule mkwaruzo wa chuma kugusa chuma. Asser alifumbua macho na kuutazama mkono wake mwenyewe.

"Umesikia ulivyo laini?" Festus alisema kwa furaha. "Mafuta matupu! Siku hizi hawatengenezi hivi."

"Niachieni wiki moja," Asser alisema.

Bi Jakurama ndiye aliyetoka wa mwisho. Aliuwekea mtambo kiganja juu, kama unavyompima mtoto homa. "Asser mwanangu," alisema, "usiuache kwenye baridi." Kaka yangu alidhani anaogopa kutu, akamwahidi kuupaka mafuta.

Mimi si mtu wa mizimu. Nina kazi zangu. Lakini wiki ile kuna mambo niliyaona, na nitayasema kama nilivyoyaona.

La kwanza, watu walishusha sauti. Yupo mkulima mmoja, Oom Dawid, yaani mjomba Dawid, mtu wa sauti kubwa: akikusalimu wewe, na jirani yako amesalimiwa. Jumanne aliingia kuchukua darubini ya bunduki yake, akavua kofia, akaongea na Asser kwa mnong'ono kama yuko msibani. Alipotoka nikamuuliza, "Oom, unaumwa koo?" Akashangaa. Hakuwa na habari kwamba alinong'ona. Na aliyemfuata akafanya vilevile, na mama aliyeleta bunduki ya mumewe vilevile.

La pili, lile komeo. Kaka yangu akienda kula mchana huyaacha makomeo yote wazi, mitambo yote mezani imepanua midomo. Ni desturi yake, hajawahi kuikosa. Jumatano tulikula pamoja kwangu, maziwa ya mgando na nyama, mlango wa karakana nimeutazama mimi mwenyewe na hakupita mtu. Aliporudi, makomeo kumi na moja yalikuwa wazi na moja, la mzee Elifas, limefungwa. Alilifungua. Alhamisi likafungwa tena.

"Meza imeinama," nilimwambia.

"Meza nimeipima."

"Basi ipime tena, kaka, usinitishe bure!"

La tatu nililigusa kwa mkono wangu. Ijumaa asubuhi nilitangulia mimi kufungua. Ndoo ya maji ilikuwa na barafu juu. Vyuma vyote mezani vilikuwa vinauma vidole kwa baridi, nilivigusa kimoja kimoja kwa makusudi. Mtambo wa mzee Elifas ulikuwa na joto. Si joto la jua, jua lilikuwa halijafika dirishani. Ulikuwa na joto la kiti alichonyanyuka mtu sasa hivi. Nikakimbilia kwangu na kuwasha cherehani bila kitambaa, ili nisikie kelele tu.

Siku hiyo Asser aliugusisha tupa. Nilikuwa nasikiliza, nasema kweli. Nilizoea ule mtelezo wa chuma kizuri. Nilichosikia kilikuwa mkwaruzo mzito, kama mtu anayekwangua mfupa. Tupa iliuma. Akajaribu upande mwingine, ikauma. Akajaribu kwenye meno ya komeo, yale yanayobeba nguvu yote ya risasi, ikauma zaidi.

Kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya miaka yote: alikuja chumbani kwangu, akakaa juu ya kitambaa cha mteja.

"Chuma kile kimeungua," alisema.

"Mzee alikufa kwa baridi, Asser. Nyumba yao haijawahi kushika moto."

"Kimeungua, na si mara moja. Springi ya ndani imelegea kama utepe. Kimewekwa kwenye makaa kikawa chekundu, kikapoa, kikawekwa tena. Ugumu wote umetoka. Ndiyo maana hakina mlio."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Festus akiuweka begani, utamfungukia usoni. Labda risasi ya kwanza, labda ya kumi." Alijifuta uso. "Ananiomba nimjengee bunduki ya kumuua, Piruka. Na yeye anaitaka kuliko kitu chochote duniani."

Hapo nilimwonea huruma kaka yangu. Kumnyima mkulima tajiri mtambo wake ni kazi rahisi, atatukana aende zake. Lakini Festus alikuwa haombi bunduki. Alikuwa anaomba msamaha, na aliamini umo ndani ya chuma kile.

Jumatatu walirudi. Asser alikuwa ametandika ngozi, ameweka mitambo mitatu: wa mzee, wa jeshi la Ubelgiji, na mmoja mpya wa Kicheki, mweusi tii, usio na historia yoyote. Alimwambia Festus kwa maneno machache kwamba wa mzee haufai, chuma kimelainika, achague katika ile miwili.

"Haufai?" Festus alicheka kwanza. "Baba yangu ameangusha elandi kwa huo kabla wewe hujajua kushika tupa!"

"Zamani ulifaa."

"Aa, sasa nimekuelewa. Una Mcheki wako umekudodea, unatafuta wa kumbambika!"

"Festus," nilisema, "chunga mdomo wako. Kaka yangu hajawahi kumdanganya mteja."

"Nawe rudi kwenye marinda yako!"

"Marinda yangu yamemvisha mama yako kwa heshima, wewe umemvisha nini?"

Lo, nilijuta lilipokwisha kutoka. Uso wake ulivunjika. Akatoka nje akasimama karibu na pikapu, mgongo ametugeuzia. Nilimshika mkono Bi Jakurama, nikamwingiza chumbani kwangu na kummiminia chai. Alikishika kikombe kwa mikono miwili asinywe.

"Anasema chuma kimelainika," alisema. "Hulainika kwa nini?"

"Kwa moto, mama. Anasema kimewekwa kwenye makaa. Nikamwambia haiwezekani."

Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika.

"Mwaka wa kwanza alinijia siku ileile aliyokufa. Nilikuwa nimekaa mbele ya okuruuo, mchana, nachochea. Akasema, Jakurama, nina baridi. Nikamwambia nifanyeje, mume wangu. Akasema, mikono yangu bado imeishika bunduki. Basi nikaichukua, nikaitoa kitako chake cha mbao, nikailaza kwenye makaa ya mgunga, katikati, nikaifunika majivu mpaka jioni. Akanyamaza. Mwaka uliofuata akaja tena. Kila mwaka. Miaka tisa nimempasha joto, mwanangu, na kila mwaka anasema, bado. Mwaka huu akasema jambo jingine."

"Akasemaje?"

"Akasema, mpe Festus apige nayo. Atafika kwangu sasa, nimemngoja sana."

Nilipoinua macho, Asser alikuwa amesimama kwenye mlango wa katikati. Sijui alikuwa amefika muda gani.

Bi Jakurama alimtazama. "Ni moto wangu?" aliuliza. "Ni mimi niliyekiua?"

Mtu mwingine angeuma maneno. Angesema ni kutu, ni uzee. Nilimwomba kaka yangu moyoni adanganye mara moja tu.

"Ndiyo, mama," alisema.

Aliinamisha kichwa, akakiweka kikombe chini taratibu, bila kumwaga. "Basi hicho ndicho alichokuwa anakiomba, chuma cha kumchukua Festus," alisema, "na mimi nilidhani ni baridi." Akanishika goti. "Festus asijue. Ameshabeba vya kutosha."

Tatizo ni kwamba Festus asiyejua hakukubali kushindwa. Aliporudi ndani alikuwa ameamua: kama Asser hataki kumjengea, atampelekea fundi mwingine, wapo wengi Windhoek wasiouliza maswali. Na hilo lilikuwa kweli. Asser aliwaza, kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kutoka kwake kwa siku moja.

"Twende machimboni kesho. Nitaufunga kwenye tairi, nitavuta kamba kwa mbali. Mtambo ukizihimili risasi, nitakujengea bila malipo. Usipozihimili, utachagua mwingine."

"Umeisha leo!" Festus alisema, akampiga bega. "Bila malipo! Mama, umesikia?"

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, nje ya mji. Upepo ulikuwa unavuma, mkali, wenye vumbi. Asser aliweka springi mpya, akaufunga mtambo na mtutu wake kwenye tairi la lori, mdomo umeelekea kwenye ukingo wa udongo. Nyuma ya komeo, pale pale ambapo uso wa mtu hukaa akilenga, aliweka tikiti maji juu ya gogo. Festus aliliona akacheka hadi akashika tumbo.

"Huyo ni mimi? Mbona mzuri kuliko mimi!"

Asser alitia risasi ya kwanza, akafunga komeo, tukarudi nyuma ya pikapu, akavuta kamba. Mlio ulikuwa wa kawaida. Tikiti lilikuwa limekaa. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo, ila Asser alipokwenda kufungua komeo nilimwona akitumia mikono miwili.

"Limekuwa zito," alisema.

"Zito nini? Mkono wako umezeeka!" Festus alikuwa ameshatoka nyuma ya pikapu, anatembea kuelekea kwenye tairi, uso unang'aa kama wa mtoto siku ya Krismasi. "Risasi tatu, fundi! Tatu! Nifungulie, ya nne napiga mwenyewe. Nitaiegemeza begani hivihivi bila kitako, mzee alishafanya."

"Festus, toka hapo."

"Nimemngojesha miaka tisa, kaka. Sitamngojesha tena."

Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya tairi. Asser alimshika mkono, Festus akamsukuma, na kaka yangu, ambaye ni mwembamba kama ufagio, akaanguka kwenye kokoto. Nilipiga kelele. Bi Jakurama hakupiga kelele. Alitembea katikati yao na gauni lake lote, upepo umelijaza, akasimama mbele ya mwanawe.

"Moja zaidi kwenye tairi," alisema. "Nipe kamba mimi. Nikishavuta mimi, utafanya utakavyo."

"Mama..."

"Mimi ndiye niliyeitunza. Nipe."

Hakuna mtoto wa Kiherero anayemkatalia mama kwa sauti ile. Asser alitia risasi ya nne, kutoka kwenye boksi lilelile. Tulirudi nyuma. Bi Jakurama aliizungusha kamba kiganjani mara mbili, akaangalia mbele, midomo yake ikacheza, akavuta.

Mlio huu haukuwa kama ile mitatu. Ulikuwa mfupi, uliopasuka, na moshi ukatokea upande usiostahili, upande wa nyuma. Vumbi lilipotulia, gogo lilikuwa na nusu tikiti. Nusu ya mbele haikuwepo. Vipande vya shaba vilikuwa vimezama kwenye nyama nyekundu iliyobaki, na komeo limerudi nyuma upana wa kidole na kukwama hapo limepinda.

Festus alilitazama tikiti. Alifungua mdomo, labda utani wake ulikuwa njiani, haukufika. Akajikokota hadi upande wa pili wa pikapu, nikamsikia akitapika na kulia kwa pamoja.

Bi Jakurama alikuwa ameshafika kwenye tairi. Mimi na Asser tulimfuata, tulidhani atajiunguza. Alipiga magoti kwenye kokoto na kuuwekea mtambo kiganja, vilevile kama siku ile mezani. Alisema polepole, si kwa machozi, kama mke anayemaliza ugomvi wa siku nyingi:

"Elifas, nimekusikia. Mtoto ana watoto wake, mwache. Baridi ikikuzidi niite mimi. Mimi ndiye mkeo."

Kisha akanyanyuka, akakung'uta gauni, akaenda kumfuta mwanawe uso.

Asser alinyoosha mkono kuufungua mtambo kwenye tairi, akaurudisha haraka. Nikaugusa na mimi. Chuma kilichofyatua risasi nne mfululizo hakishikiki kwa joto, hata mshona nguo anajua. Kile kilikuwa baridi, baridi iliyong'ata, vidole vyangu vikanata kidogo nilipovitoa. Tuliuzika palepale machimboni, kina cha mkono mzima. Asser alimwambia Festus tu kwamba chuma kimechoka, na Festus hakubisha tena.

Mtambo aliuchagua Bi Jakurama, ule wa Kicheki. Alilivuta komeo lake mara moja, likalia vizuri, klak, akasema, "Huu haujamjua mtu. Mjengee huu." Kaka yangu aliifanya kazi ile kuliko kazi yoyote niliyomwona akiifanya. Alichonga kitako cha mbao ya mkalati, aliifunga darubini, akaijaribu kwa risasi arobaini akiwa ameiweka begani kwake mwenyewe kabla hajamruhusu mtu mwingine kuigusa. Karakana ilirudia hali yake. Oom Dawid alikuja kunisalimu, nikaangusha sindano.

Festus alikuja kuichukua katikati ya Agosti, siku nne kabla ya jiwe kufunuliwa. Alikuja peke yake, amevaa nyeusi. Tulikuwa tumeshapata habari.

Walimkuta Bi Jakurama mbele ya okuruuo, saa saba mchana, jua la kuchoma, siku iliyokuwa na joto kuliko zote za majira yale. Moto ulikuwa unawaka vizuri, alikuwa ametoka kuuchochea. Alikuwa ameketi, uso umeelekea barabarani. Daktari alisema moyo. Lakini wanawake waliomwosha ni wateja wangu, na wawili kati yao, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba mwili ulikuwa baridi kama wa mtu aliyelala nje siku tatu, na moto uko hatua mbili.

Festus aliishika bunduki mpya, akalivuta komeo, akaliachia. Hakufanya utani wowote. Aliiweka mezani tena na kumwangalia kaka yangu.

"Siku ile machimboni," alisema. "Nilikuwa upande wa pili wa gari, masikio yamejaa kelele. Nilimwona mama amepiga magoti, mdomo unacheza. Wewe ulikuwa karibu naye. Alisema nini?"

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, mguu kwenye kanyagio la cherehani. Nilisikia Asser akivuta pumzi.

"Sikusikia," alisema. "Upepo ulikuwa mkali."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Festus alingoja kidogo, halafu akaita, "Dada Piruka, na wewe?"

Mimi sina kifua, mji mzima unajua. Ukitaka jambo lifike Outjo kabla ya chakula cha mchana, niambie mimi. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu zote na kumjibu kwa sauti kwamba na mimi sikusikia kitu, nilikuwa naogopa bunduki, nilikuwa nimeziba masikio. Akashukuru. Nikamsikia akiichukua bunduki, akimuaga kaka yangu kwa heshima, na pikapu ikawaka.

Asser alikuja akasimama mlangoni kwangu. Alikuwa analia wazi, mikono imening'inia, mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja.